Hunisikii: Majibu kwa Wanaoliogopa Shaka katika Ushairi wa Ibada

Kwaresima moja, katika jumuiya yetu ndogondogo, zamu ya kuandaa tafakari iliniangukia mimi. Kijitabu tulichopewa nilikiacha mezani. Badala yake nikasimulia, kwa Kiswahili cha kawaida, soneti moja ya padre Mwingereza aitwaye Gerard Manley Hopkins, iliyoandikwa mwaka 1889. Ndani yake padre anamshitakia Mungu mwenyewe: waovu wanastawi, na yeye, mtumishi aliyejitoa, kila analolishika linamfia mkononi. Nilipomaliza, pakawa kimya. Kisha katekista wetu, mzee anayeheshimiwa nyumba hadi nyumba, akasema taratibu: "Mwanangu, haya si maneno ya kumwambia Mungu."

Mlangoni alikuwa amekaa kijana aliyekuja kumsindikiza mama yake. Kanisani haendi tena, wala hafichi. Akacheka. "Mwalimu, usihangaike. Huyo padre anaigiza tu. Mwisho wa shairi lazima amrudie Mungu. Si ndiyo kazi yake?"

Niliondoka pale na majibu mawili yanayogombana, na njiani nikaona kwamba yamepikwa chungu kimoja. Wote wawili wanalisoma shairi la ibada kama taarifa, kama karatasi ambayo muumini anaijaza kueleza hali ya imani yake. Katekista anaogopa kwamba taarifa hii inatangaza uasi. Kijana anaidharau kwa kuwa anaona imechakachuliwa. Lakini shairi la ibada halimpelekei mtu taarifa. Linamsemesha, na Kiswahili kinatuonyesha jambo hili waziwazi kuliko lugha nyingi. Mtu akisema "Mungu hasikii," anaweza kulisema kijiweni, akinywa kahawa, na Mungu asiwe na habari. Akisema "Hunisikii," ametamka neno moja tu, lakini ndani yake mmejaa watu wawili: *hu-* ni wewe, *-ni-* ni mimi. Lawama ni ile ile. Ila sasa haitamkiki mpaka mlaumiwa asimamishwe mbele ya mlaumu.

Madai sita yafuatayo niliyasikia, mengine jioni ile, mengine baadaye. Nayajibu moja moja.

Dai la kwanza: Shaka ni dhambi, kwa hiyo halina nafasi katika sala

Anayelitetea dai hili hukimbilia Waraka wa Yakobo, sura ya 1, ambapo mwenye shaka anafananishwa na wimbi linalosukumwa na upepo. Andiko hilo lipo na lina uzito wake. Lakini ukilisoma kwa utulivu, Yakobo anamkemea mtu mwenye moyo uliogawanyika, anayeomba kwa Mungu huku mguu mmoja uko kwingine. Waraka wa Yuda, wenye sura moja tu, unawataka waamini wawahurumie walio na shaka. Na katika Injili ya Marko, sura ya 9, baba wa mtoto mgonjwa anakiri kuamini na kutoamini kwa pumzi moja, tena usoni pa Yesu, na mtoto wake anaponywa.

Hata hivyo jibu kubwa limo katika Zaburi. Kati ya Zaburi 150, maombolezo ndiyo aina iliyo nyingi kuliko zote. Nyingi huanza kwa kilio na kumalizika kwa shukrani. Zaburi ya 13 inafanya safari hiyo yote katika aya sita tu. Lakini Zaburi ya 88 haifiki. Inamwita Mungu usiku na mchana, inamuuliza kwa nini ameuficha uso wake, inamtaja yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyewafukuza rafiki, kisha inakomea gizani. Hakuna aya ya kumfariji msomaji, wala ahadi ya kesho.

Kanisa lingeweza kuificha Zaburi hiyo. Badala yake limeipangia siku. Katika Masifu ya Kanisa Katoliki inasaliwa katika Sala ya Usiku kila Ijumaa. Katika Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 imepangwa jioni ya Ijumaa Kuu, mbali na kwamba kitabu hicho huzungusha Zaburi zote kila mwezi. Ndiyo kusema watawa na mapadre wamekuwa wakienda kulala Ijumaa baada ya kumwambia Mungu mambo ambayo katekista wetu anasema hayaambiwi Mungu.

Je, kila nung'uniko basi ni sala? Hapana, na Biblia yenyewe inatofautisha. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, watu wananung'unika jangwani, wanalia milangoni mwa mahema yao wakiwakumbuka samaki wa Misri, na wanaadhibiwa. Katika sura hiyo hiyo Musa naye analalamika, tena kwa ukali zaidi yao, hata anaomba afe. Yeye haadhibiwi, anapewa wazee 70 wa kumsaidia mzigo. Tofauti yao haiko katika ukali wa maneno. Watu walilia wao kwa wao, habari za Mungu. Musa alimgeukia Mungu.

Kitabu cha Ayubu kinajengwa juu ya tofauti hiyo hiyo. Marafiki wa Ayubu wanahubiri sura baada ya sura, na mahubiri yao mengi yangepita katika kanisa lolote bila kelele. Lakini wanamhubiri Mungu kama somo. Hakuna hata mmoja anayegeuka akasema naye. Ayubu ndiye anayegeuka, anamshitaki, anamtaka aje mahakamani. Mwishoni, katika sura ya 42, marafiki ndio wanaokemewa, na Ayubu ndiye anayewaombea.

Dai la pili: Shaka hilo ni maigizo, maana mwisho umeshapangwa

Hili ni dai la kijana wa mlangoni, na nikiri kwamba lina ukweli ndani yake. Zipo nyimbo za kwaya ambazo ubeti wa kwanza unalia, wa pili umeshapona, na wa tatu unacheza. Msikilizaji mwenye maumivu halisi huziona kama mtu anayekwambia "pole" huku akitazama saa.

Lakini tumpime mshairi anayehesabiwa kuwa mtulivu kuliko wote, George Herbert. Alizaliwa mwaka 1593, akawa msemaji rasmi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, njia iliyokuwa ikielekea ikulu. Akaiacha. Mwaka 1630 akapewa upadre wa Kianglikana na kwenda kutumikia Bemerton, parokia ndogo karibu na mji wa Salisbury. Miaka mitatu baadaye kifua kikuu kikamuua. Izaak Walton, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba Herbert akiwa kitandani alimtumia rafiki yake Nicholas Ferrar kitabu cha mashairi yake kwa maagizo haya: kama kitaweza kumsaidia mtu yeyote aliyevunjika moyo, kichapishwe, kama hakiwezi, kichomwe. Kilichapishwa mwaka huo huo wa 1633 kwa jina *The Temple*.

Humo mna shairi liitwalo "Denial," na msomaji aliyelelewa katika vina na mizani atalielewa haraka kuliko Mwingereza wa leo. Lina beti sita za mishororo mitano. Mishororo minne ya kila ubeti inafungamana kwa vina. Wa tano hauna mwenzake. Unaning'inia peke yake, kina chake hakijibiwi. Mashairi ya namna hii wazee wetu wa arudhi huyaita guni, na mshairi akileta guni barazani huchekwa. Herbert, fundi wa vina, ameandika beti tano guni kwa makusudi, kwa sababu anasimulia sala isiyojibiwa. Sikio la msomaji linangoja kina kama vile yeye anavyomngoja Mungu, na wote wawili wanakosa.

Ubeti wa sita ndio unaofunga. Kina kinapatikana. Kijana wangu angesema: umeona? Mwisho umepangwa. Lakini soma ubeti huo unasema nini. Bado unaomba. Hausemi kwamba Mungu amejibu. Unamwomba ajibu, auweke sawa moyo ili na vina vikae sawa. Shairi limenyooka wakati mwombaji hajapewa kitu. Anayesema Herbert ametudanganya na mwisho mzuri hajasoma kitenzi cha mwisho kiko katika hali gani: ni cha kuomba, si cha kupokea.

Kitabu hicho kina jingine, "The Collar," lenye mishororo 36. Mishororo mingi inarukaruka, mirefu kwa mifupi, vina vinatawanyika ovyo, huku msemaji akipiga meza na kuapa kwamba utumishi huu anauacha. Jambo ambalo halitajwi sana ni hili: katika hasira yote hiyo hasemi na Mungu hata mara moja. Anabishana na moyo wake, anajihimiza kuondoka. Mishororo minne ya mwisho ndiyo inayoshika utaratibu wa vina, na hapo anasikia sauti inamwita, naye anaitika. Neno lake la kuitika ndilo la kwanza katika shairi zima kuelekezwa kwa Bwana wake. Malalamiko yake hayajajibiwa hata moja. Alichopata ni mtu wa kusema naye.

Dai la tatu: Washairi hawa walikuwa makafiri waliovaa kanzu

Dai hili linapendwa na wasomi zaidi kuliko watu wa kawaida. Wanasema: ukiondoa woga wa jamii, utakuta Hopkins na wenzake hawakuamini.

Tumtazame Hopkins. Aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1866, akipokelewa na John Henry Newman, hatua iliyowaumiza sana wazazi wake Waanglikana. Mwaka 1868 alijiunga na Wajesuiti na kuchoma mashairi yake ya ujana. Mwaka 1884 akapelekwa Dublin kufundisha Kigiriki, akawa anasahihisha mamia ya karatasi za mitihani kwa macho yaliyochoka na mwili dhaifu. Huko, mwaka 1885 hivi, zikazaliwa soneti ambazo baadaye zilipewa jina la soneti za kutisha. Alifariki kwa homa ya matumbo mwezi Juni 1889, na mashairi yake mengi hayakuchapishwa mpaka 1918, rafiki yake Robert Bridges alipoyakusanya.

Kafiri anayejificha huandika nini asiposomwa na mtu? Hopkins hakuwa na wasomaji wa kuwaridhisha. Jarida la Wajesuiti lilikuwa limekataa shairi lake refu kuhusu kuzama kwa meli ya Deutschland. Kama alikuwa na ukafiri wa kuuficha, droo ile ndiyo iliyokuwa mahali pa kuuweka wazi. Tunachokikuta humo ni tofauti. Katika soneti moja ya wakati wa Dublin anaamka gizani na kufananisha vilio vyake na barua anazomtumia ampendaye, aishiye mbali, zisizofika. Hapo Mungu ni "yeye." Miaka minne baadaye, katika soneti ile niliyoisimulia jumuiyani, anatumia maneno ya nabii Yeremia kama kichwa, na anamsemesha Mungu kwa heshima ya mtu anayesimama mbele ya hakimu. Hapo Mungu amerudi kuwa "wewe." Shida hazijapungua hata chembe, na shairi linaishia kwenye ombi, kama la mkulima anayetazama mawingu. Lakini kutoka "hasikii" hadi "hunisikii" ni safari, na Hopkins aliitembea kwa miguu yake.

R. S. Thomas, padre wa Wales, alitumikia parokia za vijijini kuanzia mwaka 1936 hadi alipostaafu 1978. Miaka zaidi ya 40 alifungua makanisa baridi yenye watu wachache, akaandika juu ya Mungu anayeondoka chumbani dakika moja kabla hujaingia. Mashairi yake mengi yanamtaja Mungu kwa "yeye," na hapa hoja yangu inapata mtihani wa kweli. Sitajidai kuupita kirahisi. Naona tu kwamba katika "Kneeling," shairi lililotoka mwaka 1968, padre amepiga magoti mbele ya altare, waamini wanasubiri mahubiri, na hatimaye anamgeukia Mungu moja kwa moja: amwambie la kusema, lakini asiharakishe. Kwake kungoja hakukuwa muda uliopotea. Mtu asiyeamini hamngojei mtu.

Yuko mmoja, hata hivyo, ambaye ananifunga mdomo. William Cowper alishirikiana na John Newton kutunga *Olney Hymns*, kitabu cha nyimbo 348 kilichotoka mwaka 1779. Zaidi ya 60 ni zake, na baadhi zinaimbwa hadi leo duniani kote. Mwaka 1773 akili yake ilivunjika, akaamini kwamba Mungu amemkataa milele, na wazo hilo la kutisha halikumtoka kabisa hadi kifo chake mwaka 1800. Mwaka mmoja kabla hajafa aliandika "The Castaway," juu ya baharia aliyeanguka kutoka melini na kuachwa na wenzake katika bahari yenye dhoruba. Mungu hasemeshwi popote humo. Hakuna "wewe." Hakuna ombi. Kama kuna shairi la Mkristo ambalo mlango umefungwa kabisa, ni hili.

Lakini hata yeye haliungi mkono dai la makafiri wenye kanzu. Cowper hakudhani kwamba mbingu ni tupu. Aliamini Mungu yupo, na aliumia kwa kuwa aliamini hivyo. Shida yake ilikuwa kwamba nafsi ya pili imemtoka ulimini. Ukitaka kujua uzito wa kusema "hunisikii," msome mtu asiyeweza tena kulisema.

Dai la nne: Huo ndio "usiku wa giza" wa Yohane wa Msalaba

Siku hizi mtu akipata majonzi, akipoteza kazi au akichoka kusali, huambiwa yuko katika usiku wa giza wa roho. Maneno yamechakaa kwa kutumika.

Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania, alizaliwa mwaka 1542. Desemba 1577 alikamatwa na Wakarmeli wenzake waliopinga mageuzi ya shirika lao, akafungwa Toledo katika chumba kidogo mno, hadi alipotoroka Agosti 1578. Gerezani alitunga sehemu kubwa ya mashairi yake ya mapenzi ya roho. Baada ya kutoroka akaandika lile la usiku. Lina beti nane. Ni shairi la mpenzi anayetoka nyumbani kwa siri usiku, nyumba imelala, anamwendea mpendwa wake. Mle ndani usiku unasifiwa, ndio unaowakutanisha. Msomaji asiyejua habari za mwandishi angedhani ni shairi la harusi.

Maelezo magumu yamo katika vitabu vya nathari alivyoviandika kulifafanua, na hata huko hakufika mbali: alieleza beti za mwanzo tu kisha akaacha. Anachokieleza ni Mungu kumnyang'anya mtu raha za sala ili ajifunze kumpenda Mungu kuliko raha hizo. Walimu wa roho hukiita kipindi hicho ukavu. Ukavu si sawa na shaka, na shaka si sawa na kukata tamaa. Yohane hakuuliza kama Mungu yupo. Ayubu hakuuliza hilo pia, lakini aliuliza kama Mungu ni mwenye haki, ambalo ni swali jingine. Cowper aliuliza kama yeye mwenyewe anapendwa. Tukiviita vyote "usiku wa giza," tunawanyima wagonjwa watatu dawa tatu tofauti.

Dai la tano: Ushairi wa dini hauwezi kuwa sanaa ya kweli

Dai hili lina baba mwenye jina kubwa. Samuel Johnson, katika maisha ya mshairi Edmund Waller, moja ya maisha ya washairi aliyoyachapisha kati ya 1779 na 1781, alishikilia kwamba ibada haifai kuwa ushairi. Hoja yake: ushairi hupendeza kwa kukuza mambo na kuleta mapya, na ukuu wa Mungu haukuzwi wala hauongezewi. Mada zake ni chache na zinajulikana na wote.

Tukikubali kwamba shairi la ibada linamhusu Mungu peke yake, Johnson ana haki. Huwezi kuipaka bahari rangi ya buluu. Lakini Herbert na Hopkins hawakuandika juu ya ukuu wa Mungu kama mtu anayepima mlima. Waliandika juu ya kile kinachomtokea binadamu anaposimama mbele yake: haya, hasira, usingizi, wivu, kuchelewa. Binadamu huyo hakauki. Na Johnson alilijua hilo nje ya uhakiki, kwani aliacha sala zake binafsi, zilizochapishwa mwaka 1785 baada ya kifo chake, zilizojaa hofu na toba za mtu anayejilaumu kwa uvivu mwaka hadi mwaka.

Wapo wanaolijibu dai hili kwa kulipindua: wanasema shaka ndilo linalolifanya shairi la dini liwe zuri. Wanamtaja T. S. Eliot, aliyeandika mwaka 1936 kwamba shairi refu la Tennyson la kumwombolezea rafiki yake, *In Memoriam* la mwaka 1850, ni la kidini kwa ubora wa shaka lake zaidi ya imani yake. Ni uhakiki mkali, lakini tusiufanye kanuni. Shaka halimpi mtu kipaji, kama vile imani haimpi. Herbert alifunga sehemu kuu ya kitabu chake kwa shairi juu ya mgeni anayekaribishwa mezani na kusita kuingia. Mwenyeji hana shaka naye. Mgeni ndiye anayejishuku kwamba hafai. Hakuna giza humo, na ni miongoni mwa mashairi makubwa ya lugha hiyo.

Dai la sita: Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tunaamini tu

Dai hili lilikuja kutoka kwa rafiki, si kwa adui, na alilisema kwa fahari. Waafrika, alisema, hatuna muda wa kumshuku Mungu.

Kwanza, Zaburi hazikuandikwa Ulaya. Pili, Kiswahili kilikuwa na ushairi wa kujihoji mbele ya Mungu kabla ya vitabu vya nyimbo kufika pwani. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaukabili moyo wake mwenyewe na kuuuliza mpaka lini utapenda dunia, huku akiuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Waislamu wa pwani walikuwa pia na Utenzi wa Ayubu, habari ya mtu yule yule aliyejadiliana na mateso. Hao si Wakristo, na sitawageuza kuwa Wakristo. Ninachosema ni kwamba chombo kipo: lugha inajua kumkalisha mtu chini na kumsaili.

Mkristo aliyekishika chombo hicho ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki, aliyefariki mwaka 1969. Aliiweka Injili katika utenzi, kisha Zaburi nazo katika utenzi. Anayebeba Zaburi hubeba na vilio vyake. Mnyampala huyo huyo ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu, ushairi wa watu wawili wanaobishana kwa zamu mpaka hoja ieleweke. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hatuna ngonjera nyingi kati ya mtu na Mungu, wakati umbo limeshashonwa, linangoja wa kulivaa.

Hapo ndipo rafiki yangu ana nusu ya ukweli. Vitabu vyetu vya nyimbo vingi ni tafsiri, na watafsiri walichagua zaidi sifa kuliko vilio. Kwaya zetu zinajua kushangilia, na zinashangilia vizuri. Lakini mama anayerudi kutoka kuzika mtoto akifungua kitabu hicho, anakuta kurasa nyingi za kumwambia atabasamu na chache za kumsaidia kusema. Upungufu huo tumeuumba wenyewe, na tusiuite imani.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda jumuiya nikiwa nimejiandaa kubishana. Sikupata nafasi. Katekista alikuwa amekwisha kufungua Biblia yake, ile yenye jalada lililoshonwa upya kwa uzi mweusi. Hakunitazama. Akasoma Zaburi ya 88 yote, polepole, bila kuongeza neno, sauti yake ikipungua kadiri alivyokaribia mwisho. Alipofika mwisho akanyamaza.

Kijana alikuwa mlangoni tena, akimngoja mama yake. Safari hii hakucheka. Alisubiri kidogo, kama mtu anayedhani ukurasa umerukwa.

"Halafu, Mwalimu?"

Mzee akafunga kitabu. "Halafu hakuna, mwanangu. Imeishia hapo."